Maswali ya Wasomaji: Konokono, Chaza, Pweza na Jamaa Zao

Barua nyingi za mwezi huu zimeandikwa na watoto walioanza kusoma kuhusu wanyama wasio na uti wa mgongo. Zimetoka Likoni, Kisauni, Mji wa Kale na hata ng'ambo ya Kwale. Maswali yaliyofanana tumeyaunganisha, na mengine tumeyajibu kwa urefu kwa sababu yanagusa usalama.

Shikamoo. Mwalimu wetu alisema konokono, chaza na pweza ni ukoo mmoja. Mbona pweza hana gamba, na chaza hana kichwa? (Swafiya, Gredi ya 6, Majengo)

Marahaba, Swafiya. Mwalimu wako amesema kweli. Ukoo huo unaitwa moluska, na aina zilizokwisha kupewa majina ya kisayansi ni zaidi ya 70,000. Kinachowachanganya watu ni gamba. Liache kwanza, utazame mwili.

Moluska ana mwili laini usio na mifupa wala pingili, na utakuta viungo vitatu vinajirudia. Cha kwanza ni joho, yaani ile ngozi inayofunika mgongo na matumbo. Joho ndilo linalotoa chokaa ya kujengea gamba. Cha pili ni mguu wa msuli. Konokono hutambaa juu yake, kombe huchimbia nao mchangani, na kwa pweza mguu huo umegeuka kuwa mikono minane pamoja na bomba la kurushia maji. Cha tatu ni ulimi uliojaa safu za meno madogo, ambao hukwaruza chakula kama mbuzi inavyokuna nazi. Chaza na kombe hawana ulimi huo, wala kichwa cha kuuwekea, kwa kuwa chakula chao hukichuja majini kwa matamvua wakiwa wametulia mahali pamoja. Uchujaji huo haubagui. Chaza aliyekaa karibu na mfereji wa maji taka hukusanya uchafu na vijidudu mwilini mwake, kwa hiyo usile chaza wa mahali pa namna hiyo hata akionekana safi.

Gamba nalo limepita njia nyingi. Mababu wa pweza walikuwa nalo. Ngisi amebaki na ukanda mwembamba unaopenya mwanga ndani ya mgongo. Dome amebaki na ule mfupa mweupe wa chokaa, mwepesi, unaouokota ufuoni na ambao watu huwapa ndege wa kufugwa waudonoe. Pweza wa mwambani amelipoteza karibu lote.

Ulimi wenye meno unaweza kuuona kwa macho yako. Koroga kijiko kimoja cha unga wa ngano na vijiko vitatu vya maji, upake utando mwembamba kwenye kioo, uache ukauke. Usiku au asubuhi yenye umande mchukue konokono wa bustanini, mnyunyizie maji kidogo, umweke juu ya unga. Akianza kula, inua kioo utazame kwa chini. Utaona mdomo ukifunguka, ulimi ukitoka na kurudi, na nyuma yake njia safi ya mikwaruzo midogo. Asipotoka ndani ya gamba, basi kioo kimekauka mno au mahali pana jua kali. Ukimaliza, mrudishe ulipomtoa na unawe mikono kwa sabuni, maana konokono wa nchi kavu huweza kubeba minyoo inayodhuru binadamu. Usimtie chumvi. Chumvi humnyonya maji yote mwilini naye hufa kwa mateso.

Kuna mdudu bapa amegandama kwenye mwamba karibu na kwetu. Ana vipande mgongoni na habanduki hata kwa kijiti. Naye ni moluska? (Hamisi, miaka 11, Nyali)

Ndiye, Hamisi, na umeokota swali zuri. Huyo ni kaitoni. Hesabu vipande vya mgongo utapata vinane, na vinane hivyo ndivyo vinavyomtambulisha. Mguu wake unajaza karibu upande wote wa chini, na ukimgusa hujikaza zaidi. Kwa hiyo mtu anayembandua kwa nguvu humrarua. Meno ya ulimi wake yamepakwa madini ya chuma yaitwayo magnetaiti, naye huyatumia kukwangua mwani hadi ndani ya jiwe lenyewe.

Zaidi ya kaitoni, konokono na koa, makombe, na jamii ya pweza, yako makundi madogo usiyoweza kuyaona kirahisi. Wamo wenye gamba la mrija lililo wazi ncha zote mbili, wanaojizika mchangani. Wamo wanaofanana na minyoo, wasio na gamba kabisa. Na liko kundi moja ambalo wataalamu walilijua kwa visukuku tu, wakidhani lilitoweka mamilioni ya miaka iliyopita, hadi meli ya Denmark iitwayo Galathea ilipowavua wakiwa hai mwaka 1952, kutoka kilindi cha bahari ya Pasifiki upande wa Costa Rica.

Kwa ukubwa wanaachana sana. Wako konokono wasiofika milimita moja, na yuko ngisi mkubwa aliyevuliwa karibu na Antaktika mwaka 2007 akiwa na kilo 495. Kwa umri pia: kombe mmoja aliyetolewa baharini Iceland mwaka 2006 alikuwa ameishi miaka 507.

Mama hununua pweza mara kwa mara. Nimesoma kwamba ana mioyo mitatu. Je, naweza kuiona? (Salim, Gredi ya 8, Kisauni)

Unaweza, ila mwombe mama amwambie muuzaji asimsafishe. Kawaida pweza hugeuzwa ndani nje na matumbo yakatupwa kabla hajafika jikoni. Pweza wa kilo moja anatosha. Kwa mdogo zaidi viungo huwa vigumu kutofautisha. Andaa sinia, mkasi wenye ncha butu, kibanio kidogo na bakuli la maji, na mtu mzima awepo.

Mlaze pweza siniani, mikono ikielekea kwako. Lile fuko la mviringo ambalo wengi huliita kichwa si kichwa. Ni kiwiliwili, na nyama yake ya nje ndiyo joho. Kichwa ni pale penye macho. Sasa tafuta bomba fupi la nyama linalochomoza kwenye ukingo wa fuko, chini ya macho. Upande wenye bomba ndio wa kupasua. Ukipasua upande wa pili utakutana na nyama iliyoshikana na utaharibu kila kitu.

Ingiza mkasi kwenye mwanya wa joho na ukate kuelekea mwisho wa fuko, ncha ukiiinua juu wakati wote. Katikati kuna utando wa msuli unaolishikilia joho. Ukate huo pia, kisha lifungue joho kulia na kushoto. Utaona matamvua mawili yenye mikunjo, moja kila upande. Fuata kila tamvua hadi shinani kwake: pale pana kifundo kidogo chenye rangi ya kiza. Huo ni moyo wa tamvua, na kazi yake ni kusukuma damu ipite kwenye tamvua hilo ichukue oksijeni. Moyo wa tatu uko katikati ya hiyo miwili, mweupe zaidi, nusu umefichwa na tando. Inua tando taratibu kwa kibanio, ukimwagia maji kidogo. Huo ndio unaosambaza damu mwili mzima. Damu yenyewe haina rangi nyekundu kwa sababu kinachobeba oksijeni ndani yake kina shaba badala ya chuma. Ikishika oksijeni huwa ya buluu.

Lile tonge kubwa la kahawia ni ini, na juu yake umelala mfuko wa wino. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Mkasi ukiugusa, wino humwagika na huoni tena kitu. Ikitokea, usihangaike kufuta. Suuza chini ya bomba mpaka maji yawe meupe, uendelee. Wino huo si sumu.

Mwisho geuza mikono juu, na katikati yake bonyeza kwa vidole viwili. Mdomo mweusi wenye vipande viwili utatokeza. Utoe wote, utenganishe vile vipande, na ndani utapata utepe mfupi mwembamba. Usugue kwa kidole: utahisi meno.

Nyama haijaharibika, kwa hiyo irudi kwa mama, macho na mdomo vikiwa vimetolewa. Pweza huwa mgumu kwa sababu ya nyuzi zinazoshikilia misuli yake, na nyuzi hizo hulainika kwa moto mdogo wa muda mrefu au kwa kulazwa kwenye friza usiku kucha kabla ya kupikwa. Kwa pweza wa kilo moja, dakika 45 hadi saa moja. Tui zito litiwe akishaiva, maana likichemka muda wote huo litakatika.

Ni kweli kwamba kuna konokono wa baharini anayeua mtu? (Barua tatu, kutoka Shanzu, Likoni na Mtwapa)

Ni kweli, na tunaomba wazazi wasome jibu hili pamoja na watoto.

Konokono hao wana gamba la umbo la koni: upande mmoja mpana na bapa, upande wa pili mwembamba wenye mpasuko mrefu. Magamba yao yana michoro ya kuvutia na ndiyo maana watoto huyaokota. Meno ya ulimi wao yamegeuka kuwa mishale yenye sumu, anayoirusha mmoja mmoja kupitia mrija unaotoka upande mwembamba. Wengi hula minyoo na sumu yao haifiki mbali. Wawili ndio wa kuogopwa zaidi katika bahari yetu. Wa kwanza hula samaki. Gamba lake ni jepesi, pana mdomoni, lenye madoa ya kahawia yaliyoungana, na wataalamu humwita Conus geographus. Wa pili hula konokono wenzake. Gamba lake lina pembetatu nyingi nyeupe zilizozungushiwa mistari ya kahawia, naye ni Conus textile. Wa kwanza ameua watu.

Watu hudhani kwamba ukimshika kwa upande mpana uko salama. Si hivyo. Mrija wake hurefuka na kujipinda, na wakati mwingine hufika hadi nyuma ya gamba. Glavu nyembamba na mfuko wa suruali havizuii. Tena anapokuwa hai, michoro yake mara nyingi imefunikwa na ngozi ya kahawia na mwani, kwa hiyo haonekani kuwa mzuri. Mchana hujificha chini ya mawe na mchangani. Sheria ya kushika ni moja tu: gamba lolote la koni lililo majini au kwenye mwamba uliopwa, liache lilipo, hata kama unaona ni tupu.

Mtu akichomwa huenda asisikie maumivu makubwa. Baadaye huja ganzi kwenye jeraha na midomoni, macho huona viwili viwili, viungo hulegea, na pumzi hupungua. Fanya hivi:

- Mkalishe au mlaze, asitembee kabisa, kwa sababu misuli ikifanya kazi sumu husambaa haraka.
- Funga bendeji pana kuanzia kwenye jeraha kupanda mkono au mguu mzima, ikaze lakini vidole visiwe baridi wala vyeupe, kisha fungia kipande cha ubao ili kiungo kisipinde.
- Mpeleke hospitali kubwa yenye mashine ya kupumulia, usingoje dalili.
- Akiacha kupumua, mpulizie pumzi mdomoni bila kukoma mpaka msaada ufike. Hakuna dawa ya kuiua sumu hii, lakini mgonjwa anayesaidiwa kupumua anaweza kupona sumu inapokwisha nguvu.

Usichanje jeraha, usilinyonye, usifunge kamba ya kuzuia damu.

Sumu hiyohiyo imezaa dawa. Kutokana na jamaa mmoja wa konokono hawa, Conus magus, ilitengenezwa dawa ya maumivu makali iitwayo ziconotide, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2004.

Kauri ninaookota ufuoni wamechujuka, wanaouzwa wanang'aa. Wanapakwa nini? (Mwanaisha, miaka 12, Mtongwe)

Hawapakwi kitu, Mwanaisha. Kauri akiwa hai hulitoa joho lake pande zote mbili na kulifunika gamba, likakutana juu ya mgongo. Ukimkuta usiku kwenye mwamba hutaona gamba bali ngozi yenye vinyweleo. Joho hilo hulilinda gamba na kuliongezea tabaka laini. Akifa, jua na mchanga huanza kulisugua, na baada ya muda mng'ao huondoka. Maana yake ni kwamba kauri anayeng'aa sana mezani kwa mchuuzi kwa kawaida alitolewa baharini akiwa hai. Tunasema wazi: usinunue.

Zamani biashara hii ilikuwa kubwa. Katika karne ya 19 wafanyabiashara Wajerumani walipakia kauri wa pwani yetu, wale wenye pete ya manjano mgongoni, wakawapeleka Afrika Magharibi ambako walitumika kama fedha.

Ukitaka kuwatazama, nenda siku za bamvua, mwezi ukiwa mchanga au mpevu. Mombasa maji ya bamvua hupwa karibu saa nne asubuhi. Fika saa moja kabla, vaa viatu vya kufunika vidole, na anza kurudi mara maji yanapogeuka. Jiwe unaloliinua lirudishe upande uleule, kwa sababu mayai na wanyama wa chini hukaushwa na jua kwa dakika chache. Ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Mombasa, iliyotengwa mwaka 1986, hairuhusiwi kuchukua chochote, hata gamba tupu. Magamba matupu nayo yana wenyewe: kuna kaa mwenye tumbo laini ambaye huhamia humo, na akikua hutafuta kubwa zaidi.

Mikokoni Tudor konokono wadogo wamepanda juu ya miti. Wanakimbia nini? (Athumani, Gredi ya 7)

Wanakimbia maji, Athumani, na wanaanza kupanda kabla maji hayajafika. Hao wenye sentimita mbili au tatu, ambao ncha ya gamba imekatika, ni Cerithidea decollata. Usidhani wamevunjwa, wakikua ncha hukatika yenyewe. Maji yakipwa hushuka kulamba tope, na kabla hayajajaa hurudi shinani. Funga uzi kwenye shina pale walipo, urudi siku za maji mafu ulinganishe.

Tondo, yule mrefu mweusi mwenye kuzidi sentimita kumi, yeye hapandi. Akiwa mdogo hula tope. Akikomaa meno ya ulimi wake hubadilika na huanza kula majani ya mkoko yaliyoanguka. Utawakuta kadhaa wamelizunguka jani moja.

Lulu hutokana na chembe ya mchanga? (Rehema, Bamburi)

Mara chache sana. Mchanga ukimwingia chaza, kwa kawaida huutema. Mara nyingi ni kimelea aliyetoboa joho, au kipande cha joho kilichoumia na kuzama ndani. Joho hukizungushia tabaka juu ya tabaka za chokaa ileile inayopaka ndani ya gamba.

Watoto wangu huoga bwawani Kwale na nasikia konokono huleta kichocho. Je, konokono wa baharini nao? (Mzazi, Matuga)

Wa baharini hawaleti kichocho cha watu, mzazi mwenzetu. Anayehusika ni konokono mdogo wa maji baridi aitwaye Bulinus, wa nusu sentimita hadi sentimita mbili, asiye na kifuniko mlangoni. Mtazame bila kumshika: ncha ikiwa juu na mlango ukikuelekea, mlango wake uko kushoto. Konokono wengi huwa nao kulia.

Yeye mwenyewe hana kosa. Ugonjwa huanza kwa mkojo wa mtu mwenye minyoo kuingia bwawani. Mayai huanguliwa, vijidudu humwingia konokono, na baada ya wiki kadhaa hutoka kwa maelfu, zaidi mchana wa jua kali. Hupenya ngozi ya mtu kwa dakika chache. Maji ya kuogea yaliyotekwa humo yachemshwe, au yakae kwenye pipa lenye kifuniko siku mbili bila konokono ndani. Vijidudu hivyo havidumu muda huo. Mtoto akikojoa damu, apelekwe kituo cha afya apimwe mkojo. Dawa ni praziquantel, na kipimo chake hutegemea uzito wa mtoto.

Babu anasema mbao za mashua huliwa na mdudu wa baharini. Ni mchwa? (Omar, Gredi ya 9, Mji wa Kale)

Si mchwa, Omar. Mfikishie babu salamu, umwambie huyo ni jamaa ya chaza. Ana mwili mrefu wa mnyoo, na vipande vyake viwili vya gamba ni vidogo, viko mbele, na ndivyo vinavyosaga mbao. Bakteria walio kwenye matamvua yake humsaidia kuimeng'enya mbao hiyo.

Huingia akiwa kiluwiluwi, kwa tundu la ncha ya sindano, kisha hukua ndani akifuata urefu wa ubao. Ndiyo maana mkuku unaweza kuonekana mzima kwa nje huku ndani umebaki matundu. Gonga kwa nyundo ndogo kila shibiri: palipo pazima hulia kavu, palipoliwa hulia bovu, na msumari ukisukumwa kwa mkono huzama. Kuipandisha mashua siku moja hakutoshi, kwa kuwa ana vifuniko viwili nyuma vya kuziba tundu na kuhifadhi unyevu. Iachwe ikauke vizuri kabisa, itiwe moto wa makuti kwa nje, kisha ipakwe deheni, yaani chokaa iliyochanganywa na shahamu, sehemu yote inayokaa majini. Pasiachwe ufa hata mmoja bila kalafati, kwa sababu kiluwiluwi hukaa palepale deheni ilipokosekana.